Dizeli Ndogo Katika Nyasi za Sakania

Injini ndogo ya dizeli inayozungusha visu vya kukatia nyasi haina plagi, haina koili wala kabureta. Pistoni hupanda na kuibana hewa iliyomo ndani ya silinda mpaka ibaki na nafasi kama sehemu moja ya ishirini ya ile ya awali. Hewa hiyo hupata joto la kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na hapo nozeli huirushia dizeli kwa manyunyu membamba sana, ikawaka yenyewe. Injini hii, basi, hudai mambo matatu: hewa safi ya kutosha, dizeli safi inayofika kwa wakati wake, na mbano usiovuja. Matunzo yake yote ni ulinzi wa hayo matatu, na huko Sakania kila moja lina adui wake, ambaye msafiri huanza kumwona njiani tangu Lubumbashi.

Sakania imekaa katika pembe ya kusini-mashariki ya Haut-Katanga, mpakani na Zambia, si mbali na Ndola. Reli iliyotoka kusini ilifika hapa mwaka 1909, na mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Njia hiyo hupita Tshinsenda na Mokambo, katikati ya msitu wa miombo, na kila penye uwazi pameota nyasi. Mvua huanza kama Novemba na kukoma kama Aprili, na kabla haijakoma nyasi huwa zimekwisha kumpita mtu mzima kimo. Kuanzia Mei hukauka, na ifikapo Agosti na Septemba moto wa porini hutembea usiku na mchana. Katika safari yangu ya njia hiyo niliona wazi kwamba kukata nyasi huku ni kazi ya kinga. Shule, zahanati, ghala la mahindi na nyumba iliyoezekwa kwa nyasi huhitaji mkanda wa ardhi iliyofyekwa kabla jua halijakausha kila kitu. Mashine ikikataa kuwaka mwezi wa Mei, hasara yake huja Agosti.

Injini zinazofaa kazi hii ni za jamii tatu. Ya kwanza ni ndogo inayopozwa kwa hewa, mfano wa 186F ya Kichina iliyofuata umbo la Yanmar L100 ya Japani: silinda moja ya kipenyo cha milimita 86, mizunguko 3,000 hadi 3,600 kwa dakika, huwashwa kwa kamba au kwa betri. Ya pili ni S195, silinda moja iliyolala, kipenyo milimita 95 na mwendo wa pistoni milimita 115, nguvu kama farasi 12 kwa mizunguko 2,000. Hupozwa kwa maji na hukaa juu ya trekta la mkono la magurudumu mawili, ambalo hufungwa kifaa cha kufyekea mbele au nyuma. Ya tatu ni injini ya silinda tatu kama Kubota D722, yenye ujazo wa chini kidogo ya sentimita za ujazo 720, iliyo katika mashine za kukalia. Injini ya jamii ya S195 hutumika pia kuzungusha vinu vya mahindi na pampu za maji. Ndiyo maana aliyezoea kinu hana mengi ya kujifunza akikabidhiwa mashine ya nyasi, isipokuwa jambo moja kubwa, yaani vumbi.

Kabla ya vumbi kuna kimo cha nchi. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hapa zaidi ya sehemu moja ya kumi huwa imekwisha kupotea kabla kazi haijaanza. Pampu haijui hilo. Hutoa dizeli kipimo kilekile cha pwani. Dizeli inayozidi hewa haiungui yote, na bomba la moshi hutoa moshi mweusi mashine inapolemewa. Baadhi ya mafundi huona injini haina nguvu, wakakata lakiri ya skrubu ya kikomo cha dizeli na kuifungua. Hili ni kosa kubwa, na linaua injini nyingi. Nguvu haiongezeki kwa maana yoyote, masizi hujaza ringi, oili hugeuka lami, na joto la moshi huchoma valvu ya kutolea. Dawa ya kimo ni kupunguza mzigo: visu viinuliwe kwa mkato wa kwanza na kushushwa kwa mkato wa pili, upana wa kila pito upunguzwe, na mwendo wa miguu uwe wa taratibu huku injini ikizunguka kwa kasi yake kamili.

Sasa vumbi lenyewe. Udongo wa Katanga ya kusini ni mwekundu na mwembamba, na ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatsi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Malori ya shaba na ya mizigo yanayosubiri kuvuka mpaka wa Kasumbalesa hulipandisha vumbi hilo juu mchana kutwa, na mashine ya nyasi hujitengenezea vumbi lake yenyewe, kwa sababu visu hupuliza ardhi kavu na mdomo wa kuvutia hewa hauko mbali na visu. Chujio la hewa, basi, litazamwe kila siku wakati wa kiangazi. Lile la kuogea oili hufunguliwa, oili chafu humwagwa, wavu wake huoshwa kwa dizeli na kukaushwa, kisha oili mpya hutiwa mpaka kwenye alama. Kupita alama ni hatari, maana injini inaweza kuivuta oili hiyo na kuiunguza kama dizeli, ikazunguka bila kujali gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wake. Chujio la karatasi hugongwagongwa polepole kwenye kiganja. Haliogeshwi, wala halipulizwi kutoka nje kwenda ndani, kwa kuwa upepo husukuma chembe ndani ya karatasi.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji chombo. Ondoa chujio, ingiza kidole safi katika bomba linaloelekea kwenye silinda, kipake ukutani mwa bomba. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, gasketi imepasuka, kibano kimelegea au karatasi imetoboka, na injini imekwisha kuanza kula mchanga. Ringi na ukuta wa silinda vinaweza kulika ndani ya msimu mmoja, na mbano ukishapotea hakuna marekebisho ya nje yanayoweza kuurudisha.

Injini inayopozwa kwa hewa ina adui wa pili ambaye watu wengi humsahau. Mbegu za nyasi, zenye vinyweleo vya kunatia, huvutwa na feni hadi katikati ya mapezi ya silinda. Zikichanganyika na oili kidogo inayovuja huwa kama mkeka. Kwa nje mashine huonekana safi, kumbe chini ya bamba la feni mapezi yameziba kabisa. Bamba hilo lifunguliwe mara kwa mara katika msimu wa mbegu, na uchafu utolewe kwa kijiti cha mti na brashi, injini ikiwa imepoa. Kwa S195 shida iko katika maji. Sehemu nyingi za Katanga ya kusini hupata maji ya chini ya ardhi kutoka katika miamba ya dolomiti, yenye chokaa, na kwa kuwa tangi la injini hii hupoza kwa kuchemsha na kupoteza mvuke, kila lita inayoongezwa huacha chokaa yake nyuma. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko ya kisima. Injini ikiwa imekaukiwa na maji na kuchemka, iachwe ipoe yenyewe. Maji baridi juu ya chuma cha moto hupasua silinda hedi.

Dizeli ndiyo sura ndefu kuliko zote. Kando ya barabara hununuliwa kwa kadhafi, muuzaji wa mafuta ya madumu na chupa, na si kila dumu lililobeba dizeli lilibeba dizeli peke yake. Maji, mafuta ya taa na mchanga husafiri humo. Hata dizeli nzuri ya kituoni huingia maji ikihifadhiwa katika pipa nusu tupu: usiku wa Juni na Julai hapa ni wa baridi kali, unyevu wa hewa iliyomo pipani hugeuka kuwa matone ukutani, matone huteremka chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pipa lisimame kimya usiku kucha kabla ya kuchotwa, mpira wa kunyonyea usifike chini, na dizeli ipite katika faneli yenye wavu mwembamba. Tangi la mashine hujazwa jioni baada ya kazi, ili lisilale na hewa. Kizibo cha chini ya tangi hufunguliwa kidogo asubuhi, kabla mashine haijatikiswa, mpaka maji na takataka vitoke.

Uangalifu huu wote una sababu moja. Ndani ya pampu ya nozeli mna kijipistoni kinachopanda na kushuka katika tundu lake kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita. Hakina ringi wala mpira. Kinachozuia uvujaji ni ukamilifu wa chuma chenyewe, na kinachokilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji hukitia kutu, chembe ya mchanga hukikwaruza, na dizeli iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa hukiacha kikavu. Chujio la dizeli la karatasi likiziba hutupwa. Kuliosha na kulirudisha ni kununua pampu mpya kwa bei ya chujio.

Oili hupimwa kila siku, mashine ikiwa mahali tambarare na injini imesimama. Injini ya 186F hubeba lita 1.65 tu, kwa hiyo upungufu wa kikombe kimoja ni jambo zito. Oili ya dizeli ya 15W-40 hufaa hali ya hewa ya hapa mwaka mzima. Mtengenezaji huagiza ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, ili itoke na vumbi la chuma la injini mpya, kisha kila baada ya saa 100. Katika vumbi hili, na pale ambapo dizeli ina salfa nyingi inayoleta asidi ndani ya oili, saa 50 ni kipimo cha busara zaidi. Imwagwe ikiwa moto, maana uchafu huwa bado unaelea. Kijiti cha kupimia husema mengi kwa anayekitazama vizuri: oili iliyoongezeka na kunuka dizeli inaonyesha uvujaji wa pampu au nozeli, oili ya rangi ya maziwa ina maji, oili nyepesi kama chai, katika injini ya zamani, kwa kawaida ni oili iliyotiwa jana.

Visu navyo ni sehemu ya afya ya injini. Katika nyasi za Sakania hujificha vichuguu vidogo vigumu kama matofali, na kisu kikikipiga kimoja hupinda au kupoteza kipande. Kisu kilichopoteza uzito upande mmoja hutikisa mashine yote: nati hulegea, bomba la dizeli hupasuka penye kibano, mguu wa injini huvunjika, beringi ya mhimili hufa. Baada ya kunolewa, kisu huning'inizwa kwa msumari kupitia tundu la katikati, na upande unaoshuka hupunguzwa kwa tupa mpaka kisu kitulie sawa. Mashine ambayo visu vyake huzungushwa kwa mkanda ina usalama zaidi kuliko ile iliyofungwa kisu moja kwa moja kwenye krankshafti, kwa kuwa mkanda huteleza mahali ambapo chuma kingepinda. Kabla mkono haujafika chini ya bamba la visu, injini izimwe, isimame kabisa, na kwa mashine ya stata waya wa betri uondolewe.

Mashine ikikataa kuwaka, utafutaji wa kosa hufuata njia ya dizeli kutoka tangini hadi moshini, na mtu asiruke hatua. Wengi hukimbilia kufungua pampu ya nozeli, ambayo ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho kabisa. Jambo la kwanza ni kuzungusha injini na kutazama bomba la moshi. Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki ndani ya silinda. Kama moshi mweupe unatoka lakini haiwaki, dizeli inafika, ila joto halitoshi au wakati umepotea. Hali hizo mbili zina njia tofauti, na kuzitofautisha hakuhitaji spana hata moja.

Pale pasipo na moshi, huangaliwa kwanza kama bomba la tangi limefunguliwa na kama tundu la kupumulia la kifuniko halijazibwa na vumbi. Tangi lisilopumua hutoa dizeli kwa dakika chache kisha hugoma. Lever ya kuzimia iwe imerudi mahali pa kazi, kwani waya wake ukinasa pampu haitoi kitu. Kisha bomba linaloingia kwenye chujio hufunguliwa: dizeli iteremke kwa mkondo mnene, na ikidondoka kwa matone wavu wa tangi umeziba. Baada ya hapo hutolewa hewa. Bolti ya juu ya chujio hulegezwa mpaka mapovu yaishe na dizeli safi itoke, hukazwa, kisha hufanywa vivyo hivyo kwenye maingilio ya pampu, na mwisho nati ya bomba la shinikizo upande wa nozeli hulegezwa mzunguko mmoja huku injini ikizungushwa kwa mkono. Dizeli ikichuruzika pale kwa kila mzunguko bila povu, nati hukazwa. Injini ikizungushwa tena, nozeli hutoa mlio mfupi mkavu kila inaporusha. Fundi mzoefu huinamisha sikio kuusubiri mlio huo, na akiusikia huacha kabisa kuilaumu pampu.

Nozeli yenyewe hujaribiwa nje ya silinda, ikiwa imefungwa kwenye bomba lake na kuelekezwa mbali na watu. Nzuri hutoa ukungu na kukata ghafla. Mbovu hutoa mkondo kama wa mkojo, au huacha tone likining'inia mdomoni. Nozeli ya injini kama 186F hufunguka kwa shinikizo la takriban bar 200, na shinikizo hilo huitoboa ngozi na kuipeleka dizeli ndani ya nyama. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mkono unaweza kupotea. Aliyepatwa na hili apelekwe hospitali saa ileile, na aeleze wazi kilichoingia. Sindano ya nozeli na mwili wake zimesagwa pamoja kiwandani, kwa hiyo sindano ya nozeli moja haiwekwi katika nyingine.

Pale penye moshi mweupe, baridi ya asubuhi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mwezi wa Julai injini yenye mbano wa wastani huenda ikawaka saa sita mchana na kukataa alfajiri. Kuizungusha mara kadhaa kwa lever ya kuachia mbano, dizeli ikiwa imefungwa, hulainisha oili na kuipasha silinda. Kupulizia petroli au etha katika hewa inayoingia ni tabia mbaya. Mlipuko wake huja kabla ya wakati na huvunja ringi na kupinda fimbo ya pistoni. Kama hata mchana moshi ni mweupe, mbano upimwe kwa mkono: injini izungushwe polepole bila lever, nayo inapaswa kugoma na kurudi nyuma kama yenye springi. Ikipita kwa ulaini, mbano unavuja mahali. Mvumo katika bomba la hewa huonyesha valvu ya kuingizia, katika bomba la moshi valvu ya kutolea, katika tundu la oili ringi, na mapovu ndani ya maji huonyesha gasketi ya silinda hedi. Mara nyingi kosa ni dogo: nafasi ya valvu imekwisha, valvu haifungi. Kwa 186F nafasi hiyo ni milimita 0.10 hadi 0.15 injini ikiwa baridi. Kwa S195 ni 0.35 kwa kuingizia na 0.45 kwa kutolea. Hupimwa pistoni ikiwa juu katika mwendo wa mbano.

Mashine inayowaka kisha ikafa baada ya muda karibu kila mara ina kosa la dizeli: chujio lililoziba, kifuniko kisichopumua, au hewa inayoingia penye washa iliyochoka. Mwendo wa kupanda na kushuka bila mzigo kubadilika huelekeza kwenye hewa hiyohiyo, au kwenye mkono wa gavana ulionasa kwa uchafu. Moshi mweusi huuliza habari za chujio la hewa, majani yaliyolundikana chini ya bamba la visu, na mzigo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Injini iliyokataa kuzimika na inayozidi kuongeza kasi hufungiwa hewa: bomba la kuingizia huzibwa kwa ubao au kitambaa kizito kilichokunjwa, kamwe si kwa kiganja.

Ikibidi pampu itolewe, karatasi nyembamba za chuma zilizo chini yake zihesabiwe na zirudishwe zote, kwa maana unene wao ndio unaopanga wakati wa dizeli. Karatasi moja ikipotea vumbini, dizeli hurushwa mapema mno na injini hugonga. Ikiongezwa moja, huchelewa na kutoa moshi mweupe.

Mkato wa mwisho ukiisha, mashine hulazwa mpaka mvua zirudi. Oili hubadilishwa kabla ya kulala, kwa kuwa asidi ya oili chafu hufanya kazi hata injini ikiwa kimya. Tangi hujazwa pomoni, mapezi na chini ya visu husafishwa, visu hupakwa oili chakavu, na maji ya S195 humwagwa. Mwishowe injini huzungushwa polepole mpaka igome katika mbano na kuachwa hapo, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, ili unyevu usiingie ndani ya silinda. Mdomo wa bomba la moshi hufunikwa kwa kopo, kwani nyigu hupenda kujenga humo.